Mtungi Mzito

Juzi jiko langu lilikataa kuwaka. Kitufe kililia tik-tik bila moto, na nilipoinama nikakuta mtungi wa gesi umefungwa. 

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni kule ughaibuni, mtaa wa Al Nahda, kwenye fleti tuliyoshirikiana na Anti Nabirye, Mganda aliyekuwa akinisuka nywele. Mama alijaribu jiko mara kumi. Jikoni kulinuka vitunguu vibichi.

“Umemaliza gesi na matoke yako, halafu unanyamaza!”

“Mama Neema, haki ya Mungu, jana nimekula mkate tu.”

“Khalas, basi! Tafuta kwingine pa kuishi.”

Kwa hasira, Mama hakuuangalia mtungi. Nilikuwa nimeufunga mimi asubuhi, kama alivyonifundisha kila tunapotoka. Sikujua kwamba ndicho kilichozuia jiko kuwaka. Niliamini moto unatoka kwenye kitufe. Mleta gesi alipouchukua ule mtungi “mtupu”, aliunyanyua kwa mikono miwili huku akiguna, nami nikamcheka.

Anti alihama jioni ile, nusu ya kichwa changu ikiwa haijasukwa. Mpaka leo Mama humwita mwongo. Ujumbe wa kumweleza Mama kwamba ni mimi niliyeufunga mtungi nimeuandika mara tisa, nikasahihisha kila koma. Sijautuma.