Mbuzi wa Ndani ya Seng'enge

Mshamu alikuwa mwana wa pekee wa Bi Atija wa Tungue, kusini mwa mto Ruvuma, mjane aliyemlea kwa mihogo na mbuzi. Alisoma kwa taabu mpaka akaingia kozi ya wasaidizi wa mifugo huko Nampula. Mwaka 1968, vita vya kuwaondoa Wareno vikiwa vimepamba moto, alipelekwa Mocímboa da Praia kufanya estágio, yaani kujifunza kazi kwa vitendo, katika maabara ndogo ya mifugo.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la wavu, kikinuka spiriti na samadi. Msimamizi wake, Raimundo, mtu wa Quelimane, alikuwa mpole asiyependa maneno mengi. Alimfundisha kutoboa mshipa wa sikio la mnyama, kupaka tone la damu juu ya kioo na kulitia rangi, kisha kutafuta kwenye hadubini vidudu viletwavyo na mbung'o, vyembamba kama uzi uliojikunja. Alimfundisha pia kukoroga kinyesi cha mbuzi katika maji ya chumvi na kusubiri mayai ya minyoo yaelee juu. Mshamu akaipenda kazi ile. Maradhi yaliyomaliza mbuzi wa mama yake tangu utotoni mwake, ambayo jirani waliyaita jicho la hasidi, sasa aliyaona waziwazi, na dawa yake aliijua.

Wakati huo jeshi la Wareno lilikuwa likiwatoa watu mashambani na kuwakusanya katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, wasipate kuwalisha wapiganaji wa msituni. Bi Atija naye alihamishwa. Mbuzi wa kijiji kizima walibanwa pamoja katika zizi moja la matope, na masika yalipokolea wakaanza kukonda, kuvimba chini ya taya na kufa.

Raimundo na Mshamu wakapelekwa kwa lori la jeshi kuchukua damu na kinyesi. Bi Atija alipomwona mwanawe amevaa koti jeupe alisogea mbele. Akamshika mbuzi wake mwenyewe masikio ili Mshamu amtoboe, na waliosita akawahimiza walete wao, kwa kuwa kijana huyu ni wa kwao na hawezi kuwadhuru.

Damu ilionekana safi. Kinyesi kilijaa mayai ya minyoo. Raimundo alichungulia mwenyewe, akakubali: ni minyoo tu, na dawa imo kabatini. Habari ikapelekwa kwa daktari wa mifugo, mkubwa wao, naye akaipeleka kwa kamanda wa kikosi.

Jibu lilipofika, Raimundo alimweleza Mshamu huku akiosha vioo, mgongo umemgeukia. Kamanda ameamua mbuzi wote wapigwe risasi wafukiwe. Hoja yake ni kwamba wana maradhi, lakini kila mtu alijua alichokihofia ni nyama kupenya seng'enge kwenda msituni. Na Mshamu ndiye atakayekwenda kuwafasiria watu, maana ndiye ajuaye lugha yao na habari za maradhi.

"Dawa si ipo, Senhor Raimundo?" Mshamu aliuliza.

"Ipo. Lakini kule utasema uliloambiwa, urudi mzima."

Watu walikusanywa mbele ya zizi, kila mmoja ameshika kamba ya mbuzi wake. Mshamu alisimama baina ya askari, akasema kwa Kiswahili cha kwao kwamba mbuzi wana ugonjwa mbaya na itabidi wauawe. Wanawake wakaguna. Mzee mmoja, Abacar, akasema huo ni uongo wa Wareno. Hapo Bi Atija akapenya mpaka mbele.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyewatazama. Ugonjwa huu hauna dawa?"

Sipai mmoja, askari mwenyeji wa Wareno aliyeelewa Kiswahili, alikuwa karibu, anasikiliza. Mshamu alitazama mikono ya mama yake.

"Hauna, mama."

Bi Atija akawageukia wenzake, akawaambia waache kelele na walegeze kamba, kwa kuwa mwanawe ndiye aliyesoma, na dawa ingekuwapo angekuwa wa kwanza kumwokolea mama yake mbuzi. Watu wakatii, kamba zikalegezwa. Risasi zilidumu hadi adhuhuri.

Baada ya siku ile Mshamu hakula vizuri. Estágio ilipokaribia kwisha aliomba ruhusa, akaenda kijijini na unga kidogo. Njaa ilikuwa imeshaingia. Watoto wamevimba miguu. Akamkuta mama yake kibarazani, akamwambia yote, hata ya kabati lililojaa dawa.

Bi Atija hakulia wala hakumlaani.

"Mimi ndiye niliyewaambia walegeze kamba," alisema. "Nitawatazamaje?"

Akamwomba asimwambie mtu mwingine. Ule unga aliugawa kwa jirani wote, yeye mwenyewe hakuugusa.

Mshamu hakurudi maabara. Alivuka Ruvuma kwa mtumbwi karibu na Namoto, akaishi upande wa Tanzania akitibu mbuzi wa wakimbizi, na kila aliyemletea mnyama alimweleza kwa makini ugonjwa ni upi na dawa ni ipi, hata asipoulizwa. Bi Atija alifariki kabla ya vita kwisha, ndani ya seng'enge ileile. Habari ilimfikia Mshamu ikiwa imechelewa mno, mazishi yamekwisha zamani. Aliyeileta aliongeza kwamba marehemu, katika siku zake za mwisho, alikuwa hatoki tena nje kuonana na watu.