Nafasi Zisizo na Mwenyewe

Mtaniita mwongo, na sina la kuwafanya. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, siku ya Jumapili, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Mwakitolyo. Mke wangu alirudi kwao. Marafiki zangu ni wachimbaji, leo wapo, kesho wamesikia dhahabu imetoka kwingine wamekwenda. Jumapili watu wakiwa kanisani mimi nafungua kibanda, maana nyumbani kuna ukimya mbaya zaidi.

Jumamosi jioni Mama Kulwa, mpiga picha za paspoti, aliniletea kompyuta yake. Umeme ulikatika akiwa anahifadhi picha, na tangu hapo ikawa inadai imejaa, ingawa alishafuta nusu ya vitu.

"Fundi, kompyuta yenyewe siijali," alisema. "Humo kuna picha niliyompiga kijana mmoja siku mbili kabla duara, lile shimo la dhahabu, halijatitia naye ndani. Mama yake katoka Maswa, yuko kwangu, hali wala halali. Wenye duara wanasema hawamjui, hayumo kwenye daftari lao, kwa hiyo hawafukui. Wenzake wakiiona picha watamtambua."

Nikamwambia asijali. Jamani, mdomo wangu!

Sikilizeni tatizo lilivyokuwa. Diski ina orodha yake ya kusema nafasi ipi tupu na ipi ina kitu. Orodha hiyo ndiyo iliyoharibika. Kuitengeneza, programu hupita diski nzima ikilinganisha na majina ya mafaili, halafu inaandika orodha mpya. Ikikuta nafasi yenye kitu kisicho na jina popote, inakuuliza: niihesabu kuwa tupu? Fundi makini hunakili diski nzima kwanza. Mimi sikuwa na diski ya akiba. Isitoshe, picha nilishaitafuta kwa jina na kwa tarehe, nikaikosa. Nikajiambia haimo, basi.

Programu ikiwa katikati ya kazi nikasikia salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, fundi."

Kijana alikuwa amekaa kwenye benchi. Shati la mistari ya kijani, kifungo cha juu kimeshonwa kwa uzi mwekundu, kovu dogo chini ya jicho la kushoto. Miguu imejaa udongo mbichi. Nilimwitikia kwa furaha, niseme ukweli, kwa sababu wiki nzima hakuna aliyekuja kukaa nami bila shida ya simu. Akaomba maji, nikamjazia kikombe.

"Hiyo inafanya nini?" akauliza.

"Inatafuta nafasi zisizo na mwenyewe. Isipoona jina, tunahesabu hakuna kitu."

Akakitazama kioo cha kompyuta. "Hata kule kwetu duarani waliita majina ya kwenye daftari. Wote wakaitikia, wakafunga kazi. Fundi, subiri kwanza. Angalia kama kuna mtu."

Nilicheka. Mnaamini? Nilicheka, nikageukia kioo, swali limetokea, nikabonyeza ndiyo.

Nilipogeuka, benchi tupu. Kikombe kimejaa vilevile. Nami nilikuwa nimekaa mlangoni, miguu imeziba njia, hata kuku asingepita bila kunigusa. Sasa aliingilia wapi?

Badala ya kukimbia, nikajifanya mwanamume nikaendelea na kazi. Ili kuhakikisha diski inapokea vitu, nikaimwagia nyimbo za kwaya. Zilipokwisha kuingia ndipo nikakumbuka. Picha iliyopotewa na jina hubaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na mimi nilikuwa nimeshaandika.

Nilifukua diski ile mpaka jioni. Ilitoka picha moja. Juu, pazia la bluu la Mama Kulwa. Chini, shati la mistari ya kijani. Katikati, penye uso, kijivu kitupu.

Nikaichapa kwenye karatasi, nikaipeleka kwa Mama Kulwa. Mama wa kijana akagusa kile kifungo. "Uzi huu nilishona mimi," akasema. "Uso uko wapi, baba?"

Nikamweleza uso. Nikamweleza na kovu. Mama akaishusha picha.

"Ulimwona."

"Nilimwona, mama."

"Alikuomba nini?"

"Aliomba nisubiri."

Hakunilaani. Afadhali angenilaani. Wenye duara walisema shati lisilo na uso si mtu, na ushahidi wangu wakauchekea. Mpaka leo hawajafukua. Mama yule alirudi Maswa na ile karatasi ameikunja kwenye kanga.

Sasa nina diski ya akiba, na kila Jumapili naweka kikombe cha maji kwenye benchi. Hajarudi. Nami namhitaji arudi, hata anitishe.

Wewe unayenisikiliza, ukiulizwa kama mahali ni patupu, usijibu upesi. Inuka uende ukaangalie.