Uso Usiokatika

Luqman wa Mishomoroni amefundisha hesabu sekondari kwa miaka kumi na minne, na kwa saba ya mwisho amekuwa akiandika tasnifu ya uzamivu. Mtaa haukuwa na subira hiyo. Humwita Daktari tangu mwaka wa pili.

Anachosomea ni namna uso uliopinda unavyojinyoosha wenyewe. Chukua umbo lolote, kila nukta yake uisogeze kwa kasi inayolingana na mpindo wa pale ilipo: palipochongoka panarudi ndani upesi, palipobonyea panajaa, na eneo la uso linapungua kwa njia ya haraka kuliko zote. Inajulikana kwamba umbo lenye vichwa viwili na shingo nyembamba katikati huweza kukatika. Luqman aliongeza kwenye mlinganyo kipande kinachozuia ujazo usipungue, akadai kwamba kipande hicho huiokoa shingo. Kurasa sabini. Msimamizi wake alizitaka kabla ya magharibi azipeleke kwa jopo la watahini. Jopo likikubali, lile jina la mtaani lingekuwa halali.

Ilikuwa Ramadhani, saa kumi alasiri ya siku hiyo hiyo. Luqman alikuwa ameisoma kazi yake mara tatu tangu adhuhuri, na baina ya kurasa akitoka kwenda uani na kurudi ndani, viatu akivivaa na kuvivua. Uani shangazi yake, Bi Mwanasaumu, alikuwa akichoma kaimati za futari kwenye karai la mafuta.

"We Luqman, tulia basi! Wanitia kizunguzungu na mimi nimefunga."

Unga siku hiyo ulikuwa mwepesi. Kwa kawaida akiuminya, donge huchomoza juu ya ngumi yake, kijiko kikalikata. Safari hii lilining'inia, shingo ikakonda, ikakatika kabla kijiko hakijafika. Na ujazo wa unga haukuwa umepungua hata chembe.

"Shangazi, rudia."

"Nirudie nini?"

"Hilo donge. Polepole. Usilikate."

"Ati nisilikate! Wallahi saumu imekupanda kichwani. Hebu toka hapo, waniziba mwanga."

Akarudia mara mbili, kwa hasira. Mara zote mbili lilikatika lenyewe.

Luqman alijitetea kwamba ule ni uzito wa unga unaovuta, na kwenye mlinganyo wake hakuna uzito. Hoja nzuri, ilimfikisha mlangoni. Akafungua ukurasa wa arubaini na moja, sura ya tano. Kile kipande chake kiligawiwa sawa kwa kila nukta, kama unga wa msaada: mwenye njaa na aliyeshiba kibaba kimoja. Shingo kadiri inavyokonda ndivyo inavyozidi kubanwa, na mgao wake ni ule ule. Mahali hapo yeye alikuwa ameandika "ni dhahiri kwamba", akapita.

Kioko, fundi simu wa jirani, akamwita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Daktari! Tushone suti ya mahafali?"

"Ngoja kidogo."

"Mpaka mwaka gani?"

Akamwandikia msimamizi: dai la sura ya tano si kweli, naomba muda. Jibu lilikuja baada ya dakika nne, upesi kuliko jibu lolote katika miaka saba: *Afadhali umeliona wewe kuliko jopo.*

Adhana ilipoisha, alimweleza shangazi yake yaliyotokea. Bi Mwanasaumu akaiweka chini tende yake.

"Sasa mbona hukuniambia mapema, mwanangu? Ningekanda mzito."