Fundi viatu anayesoma soli za bintiye aliye jeshini ng'ambo

Saa moja kasoro asubuhi. Kibanda kina upana wa hatua tatu, na harufu ya gundi inakupokea kabla mwenyewe hajaitikia salamu. Fundi viatu ameketi kwenye kigoda, amepakata kiatu cha kike, cheusi, cha kamba. Anakipaka dawa kwa kitambaa alichokizungushia vidole viwili, taratibu, kama mtu ambaye siku nzima ni yake.

Mteja wa kwanza ameshafika na buti iliyoachama mdomo. Anaambiwa asubiri.

"Kuna mtu mbele yako kwenye foleni," fundi anasema bila kuinua kichwa.

Mteja anageuka huku na huku. Haoni mtu. Anaona kiatu tu.

Kiatu hicho ni cha kitinda mimba wa fundi, binti wa miaka ishirini na sita, koplo katika kikosi cha kulinda amani kilichopelekwa ng'ambo miezi kumi na minne iliyopita. Tangu aondoke, baba yake hagusi kiatu cha mteja kabla ya kung'arisha pea aliyoiacha. Haijavaliwa, wala haina vumbi la maana, lakini inang'arishwa hivyo hivyo.

"Angekuwepo angeving'arisha mwenyewe," anasema. "Sasa kwa kuwa hayupo, vikae na vumbi kama vya mtu asiye na kwao?"

Mtaani wanamwita Mzee Soli. Ana miaka sitini na moja, na thelathini na minne ameimalizia kwenye kibanda hiki. Siku ikiwa njema hutengeneza pea kumi na mbili. Siku ikiwa mbaya, husikiliza tu watu wanavyotembea barabarani. Mpe kiatu chako akishike, atakwambia unabeba mzigo bega gani na kama wewe ni mtu wa haraka. Mwandishi wa makala haya alimpa chake, akaambiwa anakaa sana kwenye kiti. Hakupinga.

"Mdomo unajua kudanganya," anasema. "Soli bado haijajifunza."

Ndiyo maana wazazi wengine wakipigiwa simu na watoto wao huomba kuona sura, ila yeye huomba kuona nyayo. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Koplo hugeuza buti zake juu chini, akazipiga picha na kumtumia baba. Wenzake kambini mwanzoni walidhani mzee huyo ni mganga.

"Huyu mtoto tangu anajifunza kutembea anakanyaga upande wa nje," mzee anaeleza, akionyesha kisigino cha kiatu cheusi kilivyolika pembeni. "Nilimkemea, nikamwekea vipande vya ngozi ndani, wapi. Sasa nikikiona hiki kisigino namwona yeye mzima mzima."

Juu ya kichwa chake kuna rafu ya mbao yenye pea tisa. Zote ni za watu walioondoka na kikosi kile kile. Aliyeanza kuleta ni jirani, mwalimu wa chekechea, ambaye mumewe aliondoka siku moja na Koplo. Alimwona mzee aking'arisha viatu vya bintiye, akarudi kesho yake na viatu vya mumewe kwenye mfuko. Habari zikaenea. Jumamosi hizo za picha, mzee huishusha rafu nzima na kuing'arisha bila malipo.

Ila wema nao una ajali zake. Mwezi wa pili, alipoona kisigino cha mume wa mwalimu kimelika vibaya, mkono ulimwasha. Akaking'oa, akagonga kipya, akafurahi kwamba amefanya jambo.

Mwalimu alipokuja kuvichukua, alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, umeniondolea mwendo wake."

"Niliona haya mpaka masikioni," mzee anakumbuka. "Miaka thelathini na minne kazini, na sikulijua hilo."

Alimwaga gunia la mabaki sakafuni, akachambua vipande vya soli saa mbili nzima mpaka akakipata kile kisigino kikuukuu, akakirudisha na misumari yake. Tangu siku hiyo rafu ile ina sheria moja. Vya hapo hung'arishwa, havitengenezwi. Wenye navyo watakuja kuvitengenezesha wenyewe.

Picha iliyomnyima raha ilikuja miezi minne iliyopita. Buti ya kulia ilikuwa imelika pembeni kama kawaida. Ya kushoto kisigino hakikuwa kimelika zaidi ya mwezi uliotangulia, ila ncha imekwaruzika. Kwa macho yako na yangu, hizo ni buti chafu. Yeye aliona mtu anayechechemea.

Akampigia. "Mguu wa kushoto una nini?"

"Hauna kitu, baba. Niko salama."

"Hapo nilikuuliza kama baba. Sasa nakuuliza kama fundi."

Kisha Koplo akakiri. Alikuwa ameteleza akishuka kwenye lori, kifundo cha mguu kikateguka, sasa ni wiki tano. Daktari wa kambi anamwangalia. "Ila usimwambie mama," akaomba. "Atalia."

Mzee akakubali. Akakata soli laini za ndani kwa saizi ya bintiye, ya kushoto akaiongezea ngozi kidogo kwenye kisigino. Mkewe, mpishi wa shule ambaye siku hizi mtaa mzima unamwita Mama Koplo, akamkuta nazo mkononi na kumuuliza ni za nani. Akajibu ni za mteja.

"Mteja gani huyo mwenye mguu wa mwanangu?" mama akauliza.

Mzee akajikohoza.

"Ni wa kushoto, najua," mama akaendelea. "Aliniambia mimi kabla yako. Akaniomba nisikwambie, presha itakupanda. Wiki tatu nalala na siri kama mwizi."

Walicheka, anasema mama, kisha kila mmoja akabaki na hofu ile ile. Kama mtoto aliweza kuwaficha hilo, je, hakuna kubwa zaidi? Kama mguu haukupona vizuri? "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," mama anasema. "Na wenzako wakikwambia atapona, unaitikia tu."

Soli zile zilibebwa na askari aliyekuwa akirudi baada ya likizo. Wiki saba zilizopita Koplo akapewa buti mpya. Picha ya kwanza mzee hakuihesabu, alisema buti bado ni ngeni. Anayoingoja ni ya leo, Jumamosi. Doria ya kila siku, soli mpya kabisa, hakuna ulikaji wa zamani wa kumchanganya. Leo buti zitasema kweli.

Saa nne na robo simu inalia kwenye mfuko wa aproni. Mama Koplo, aliyekuja "kuleta chai tu" na ambaye chai imeshapoa mkononi mwake, anasogea. Mzee anafuta vidole, anavaa miwani, anaikuza picha. Anatazama ya kulia. Anatazama ya kushoto. Anarudi ya kulia.

"Sema basi, mzee, usinitoe roho."

Anachukua kiatu cheusi, anakigeuza, anakiweka kando ya simu ili mkewe aone mwenyewe. Visigino vyote viwili vya buti vimeanza kulika upande wa nje. Cha kushoto kimechelewa kidogo, lakini kinakifuata cha kulia.

"Anakanyaga vibaya kama zamani," anasema hatimaye. Mama Koplo anageukia ukuta, anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mteja mwenye buti iliyoachama, ambaye hakuna aliyemkumbuka, anawapongeza kwa niaba ya wote.

Koplo anatarajiwa nyumbani baada ya miezi miwili. Wazazi wake wameshapanga watakavyompokea uwanja wa ndege, na wameshabishana. Mama atasimama mbele kabisa, kwenye kamba. Mzee atabaki nyuma, pale penye sakafu ndefu, na amemwomba mkewe asimkimbilie mtoto haraka.

"Mwache kwanza atembee hatua kumi," anamwambia. "Wewe mtazame uso, mimi nitatazama miguu. Halafu tutaambiana."