Mkojo Uliovuka Daraja la Busisi

Msidhani nilikwenda Mwanza kutembea. Nilitolewa uvimbe kwenye kibofu cha mkojo, na uvimbe wa aina ile una tabia ya kurudi kama mgeni aliyesahau kofia. Daktari akanipigia simu: kuna kipimo cha kutazama seli zinazobanduka kibofuni na kutoka na mkojo. Zikiwa na alama fulani, wanajua kama uvimbe unaelekea kurudi. Akaniambia watahitaji mkojo. Mimi nikatii.

Saa kumi na mbili asubuhi, Busisi. Nilikuwa nimejaza mkojo wa alfajiri kwenye chupa ya asali na kuifunga barabara. Masalu, rafiki yangu tangu tukichunga ng'ombe pamoja, alinisindikiza hadi kituoni. Akaichukua ile chupa, akaiinua kwenye mwanga.

"Kumbe wako siku hizi mweupe hivi," akasema polepole.

"Rudisha bwana, hiyo si pombe!" nikamwambia.

Kigongo, ng'ambo ya daraja, tulifika kabla sijakaa vizuri. Mimi niliyefunga kamba za kivuko pale miaka na miaka, leo navushwa kwa dakika chache na dereva asiyetazama hata maji! Daraja ni zuri, sikatai. Lakini nilikumbuka samaki wa kukaanga, soga na abiria wa Geita, hata ile honi niliyokuwa nailaani. Machozi yalinitoka, nikasingizia upepo wa dirishani.

Saa nne, maabara, Mwanza. Binti aliyenipokea alikuwa na adabu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mzigo huu hapa."

Akaitazama chupa, akajizuia kucheka. "Babu, huu umelala kibofuni usiku kucha, halafu umesafiri. Seli zake zimeshaharibika. Tunataka wa sasa hivi, utoe hapa hapa."

"Nimeuvusha ziwa zima, wewe unaukataa?"

"Kunywa maji, babu."

Nikanywa, nikakaa kwenye benchi kuusubiri. Hapo ndipo liliponijia akilini lambo letu la zamani. Tulioga mle na ng'ombe, kisha tukashindana kukojoa. Ambaye mkojo wake haujawa mwekundu, huyo bado mtoto. Masalu alinitangulia, akaniringia wiki nzima. Siku wangu ulipotoka na damu nilikimbia kumwita aje ashuhudie, nikajiona dume. Hakuna aliyetuambia kwamba kile ni kichocho, wala kwamba kinaweza kuzaa saratani uzeeni. Ah, tulikuwa na raha ya wajinga, na bado naikumbuka kwa mapenzi.

Nyakato nililala siku nne kwa dada yangu, nikisubiri majibu. Alinipikia sato kila siku, na kila siku nilishindwa kumaliza.

Siku ya tano daktari alinieleza bila kuzunguka. Kamera waliyoniingiza kibofuni haikuona uvimbe, lakini seli chache zilikuwa na alama.

"Kwa hiyo unarudi?" nikauliza.

"Una uwezekano mkubwa wa kurudi, mzee. Ndiyo maana tunauwahi. Wiki ijayo tunaanza kukuwekea dawa kibofuni."

Niliogopa, nasema kweli. Nikaenda stendi ya Nyegezi kupanda gari la nyumbani. Gari lilipokuwa juu ya daraja, nikaisikia tena ile sauti ya Masalu: wako siku hizi mweupe hivi. Wako. Na wake je?

Busisi nilipita mlango wangu bila kuingia, hadi kwa Masalu.

"Vipi, umerudi?" Masalu akauliza.

"Una nia ya kurudi. Na wewe, Masalu, wako ni mwekundu?"

Akacheka. "Mimi si dume tangu zamani?" Kisha kicheko kikakatika. "Tangu mavuno ya mpunga," akasema, akiangalia chini.

"Uvimbe wangu wanauona kabla haujafika. Wako nani anauona?"

Aliingia ndani, akatoka na koti lake jema, akalitundika mlangoni tayari kwa asubuhi.

Kulipokucha tulipanda gari wawili. Chupa nilimkataza.