Mafundo Matatu ya Yaya Zaina

Sisi tuliokulia Kasongo wakati wa Wabelgiji hatukufundishwa Kiingereza. Kwa hiyo juzi mjukuu wangu aliponiuliza "komitimenti" maana yake nini, nilimwambia alete chai kwanza. Neno hilo wamepewa shuleni, na mwalimu anataka mfano wa kulitumia. Kama ni kushika ahadi, mfano ninao mmoja tu, na umenikaa rohoni tangu nilipokuwa na miaka minane.

Enzi zetu, wenzangu mnakumbuka, siku zilikuwa ndefu. Asubuhi tulikwenda chuoni na mbao zetu, tukasoma Kurani huku tukisinzia. Mchana tulicheza vijiwe mpaka harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na mawese ituite nyumbani, na ukibahatika, ndani yake kuna samaki wa moshi kutoka Nyangwe. Baba yangu alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilinguruma barazani tangu alfajiri, na mtoto aliyempita bila shikamoo alijitafutia fimbo mwenyewe. Wa leo wanakupita wamejiziba masikio kwa nyaya, wanatikisa kichwa peke yao, ukidhani wanakuitikia kumbe wapi!

Mama alikuwa amefariki, na aliyenilea ni dada yangu mkubwa, Yaya Zaina; kwetu yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa. Alikuwa ameposwa na Ramazani, kijana wa mtaani kwetu aliyekwenda kuchimba dhahabu Salamabila. Simu hatukuwa nazo, na barua nani angezisoma? Wakubwa wetu walipeana siku kwa kamba. Kabla Ramazani hajaondoka walikata kamba mbili, wakazifunga mafundo arobaini kila moja. Moja akaenda nayo, nyingine ikatundikwa chumbani kwetu. Kila asubuhi fundo moja lilifunguliwa huku, na moja huko. La mwisho likifunguliwa, ni siku ya ndoa.

Mimi nilikuwa nangoja wali. Wali na nyama ya mbuzi, tena kwa wingi! Na kwa akili yangu ya kitoto, niliamini kamba ndiyo inayoleta siku. Basi Yaya akienda kisimani nilikuwa naiteremsha, naisaidia kidogo. Nilifungua matatu kwa nyakati mbalimbali, nikajiona nimemfanyia hisani.

Mafundo yakaisha. Mashangazi wakaja, mbuzi akachinjwa, wali ukapikwa, na Ramazani hakutokea. Nyama niliyoitamani nikaiacha sahanini. Jua lilipotua baba alitoka barazani na uso umemshuka, akasema atavumilia mpaka Ijumaa, siku ya tatu. Baada ya sala ataenda kumjibu mwenye duka, mzee mwenye wake wawili aliyekuwa akimtaka Zaina siku nyingi.

Kesho yake nilimfuata Yaya kisimani, nikamwambia yote huku nikilia. Nilidhani atanisukuma majini.

"Matatu?" akauliza. "Basi atafika Ijumaa. Baba usimwambie, atakuumiza. Mimi sitasema."

Zile siku tatu nilizeeka. Mashangazi walinong'ona kwamba vijana wa dhahabu ndivyo walivyo. Jirani wakapita kutupa pole kana kwamba tuna msiba. Yaya angeweza kunitaja tu, na aibu yote ingemtoka. Badala yake alimwendea baba, akapiga magoti, akasema, "Kamba imeisha, baba. Lakini neno ya Ramazani iko bado."

Ijumaa baba alirudi msikitini, akaanza kubadilisha viatu aende dukani. Hapo ndipo Ramazani alipoingia uani, vumbi mpaka kwenye nyusi, miguu imevimba. Baba akaanza kumkaripia. Kijana alitoa kamba yake mfukoni, ina fundo moja tu, akalifungua mbele ya watu wote. Baba akageuka kututazama, akauliza nani ameichezea kamba ya nyumbani.

"Ni mimi, baba," Yaya akasema. "Nilikuwa na haraka."

Ua mzima ukaangua kicheko, na baba naye akacheka. Walioana jioni ile, na tangu siku hiyo jina la Yaya likawa Bi Haraka. Aliitwa hivyo sokoni, aliitwa hivyo kwenye harusi za wanawe, na kila mara alitabasamu bila kunitazama.

Siku hizi kijana anakwambia yuko njiani, na unasikia maji ya kuoga yakimwagika. Ukimnunia anakushangaa wewe. Siwalaumu sana, hawakuona.

Mwaka jana tulimzika Yaya. Matangani, wazee wenzangu waliisimulia tena ile hadithi ya bibi harusi aliyeshindwa kungoja, wakacheka na machozi yakiwatoka. Nilikuwa nimekaa katikati yao, mtu mzima, sina tena baba wa kuniogopesha, na nikashindwa kufungua mdomo. Basi leo nasema. Ni mimi niliyeyafungua. Yeye alijua kungoja kuliko sisi wote.