Baba mkwe alinitaka niseti kabureta ya ndege yangu ya kuchezea kwanza, ndipo tuongee mahari

Wakuu, habari za muda huu.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, na humu ndani kuna watu wa Kasulu wanaonifahamu, wakinibaini watathibitisha. Mkifika sehemu ikagoma kuingia akilini, msinishambulie. Mimi nilikuwepo na hata mimi iligoma kuniingia.

Kwa kifupi, mimi ni mwalimu wa fizikia, mtu wa Singida. Ajira ilinileta Kasulu miaka minne iliyopita. Sinywi, mpira siangalii. Starehe yangu ni moja tu: natengeneza ndege za kuongozwa kwa rimoti.

Sio zile za betri za watoto. Yangu ina mabawa ya mita mbili, mwili wa foam na fito, na injini ya petroli ya two-stroke niliyoing'oa kwenye mashine mbovu ya kufyekea nyasi. Ikiwaka, mbuzi wa mtaa mzima wanakata kamba.

Sasa shuleni kuna mwalimu wa Kiswahili, nitamwita Odilia. Tulianza kuazimana chaki, mwisho tukakubaliana tuoane. Kwao ni Nyakitonto. Ukoo wao ulitoka Burundi zamani, siku hizi ni raia kabisa, wanalima na kufanya biashara. Baba yake ana mashine ya kusaga nafaka, ile ya dizeli ya kuzungusha kwa hendeli.

Siku moja kabla ya kwenda kujitambulisha, Odilia akaniambia, "Baba anapenda injini kuliko watu."

Wakuu, hiyo kauli ndiyo iliyonimaliza. Mimi nikasikia fursa. Nikabeba ndege.

Tukaenda mimi na mshenga wangu, mwalimu Sadiki wa historia. Tumepiga suti, yeye kashika bahasha ya barua, mimi nimekumbatia ndege kama mtoto anayepelekwa kliniki. Sadiki njia nzima aliangalia upande mwingine.

Mzee akatupokea vizuri sana. Akaiangalia ndege, akaizunguka, akasema, "Umva," yaani sikiliza, "mwalimu, hebu iwashe tusikie."

Nikavuta kamba. Ikawaka, ikatoa moshi mzito, ikakohoa, kimya. Nikavuta tena. Ikawaka, kimya. Mara tano. Mara ya sita plagi ilikuwa imelowa chapachapa na mimi nimelowa jasho.

Mzee akakaa kwenye kiti chake. Akauliza kwa upole kabisa, "Hii yako haikai sailensa?"

Kwa wasiojua, sailensa ndiyo ule muungurumo mdogo injini inaponguruma yenyewe bila kukanyagwa moto, yaani bila kuongezewa mafuta. Nikamjibu bado naifanyia kazi.

Hapo ndipo alipotoa hukumu. Kuielewa inabidi mjue anavyofanya kazi pale mashineni kwake. Mteja akifika na debe la mahindi au muhogo mkavu, hasagiwi mpaka wasalimiane, na salamu za kule si "mambo, poa". Mnashikana mikono, mnaulizana nyumbani, wazee, watoto, shamba, mvua. Muda wote huo injini haizimwi, inanguruma taratibu pembeni inasubiri. Salamu zikiisha ndipo anavuta mkanda anasaga. Anasema mashine yake haijawahi kuzima katikati ya salamu, na hilo ndilo jambo analojivunia kuliko yote duniani.

Akaniambia hivi: "Utarudi Jumamosi ya wiki ijayo na hiki kitu chako. Utakiwasha, utakiacha hapo uani. Sisi tutasalimiana. Kikizima kabla salamu hazijaisha, utabeba mabawa yako uende. Kisipozima, tutaisoma hiyo barua. Mtu ambaye injini inamshinda kukaa, mwanamke atakaa?"

Nilimwangalia Sadiki nikidhani ni utani. Sadiki alikuwa ameinamia viatu vyake. Odilia alikuwa mlangoni na hakucheka. Nilipoona hajacheka ndipo nikaogopa kweli.

Wiki ile sikulala vizuri, jamani. Namaanisha. Nina miaka thelathini na nne, nampenda huyu binti, na maisha yangu yameshikiliwa na skrubu tatu.

Maana kabureta yenyewe ina skrubu tatu. Moja inapima mafuta ya moto mdogo, moja mafuta ya moto mkubwa, ya tatu inapandisha na kushusha sailensa. Mimi nilikuwa nimezifungua raundi moja na nusu kila moja, kama jamaa wa kwenye video alivyosema.

Nikaanza kuhangaika nazo kiwanja cha shule. Shida ni kwamba kiwanja chetu ni njia. Natega sikio, nageuza bisibisi robo, wanapita kina mama wanatoka shamba. "Mwakeye, mwalimu!" Unaanzaje kutoitikia? Unaweka bisibisi chini, unasalimia, unaulizwa shule, unaulizwa Singida. Ukirudi kwenye skrubu umesahau uligeuza robo au nusu, na kulia au kushoto. Kufikia Jumatano nilikuwa sijui hata nilianzia wapi.

Alhamisi nikaomba ruhusa, nikapanda gari mpaka Kibondo kwa fundi mmoja wa misumeno ya mnyororo, ile ya kupasulia mbao. Nikamfungulia mfuko wenye injini. Akaniuliza hii setting umetoa wapi. Nikamwambia kwenye video. Akauliza, huyo wa kwenye video anaishi wapi? Nikasema kwa nyuma ilionekana bahari.

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, huku ni juu. Hewa ya huku ni nyepesi. Unainywesha mafuta ya pwani na hewa ya Kibondo."

Wakuu, mimi kila mwaka nafundisha atmospheric pressure. Nina mchoro wangu kabisa, na mlima nimeuchora. Nilitaka ardhi inimeze.

Akanifundisha: washa, iache ipate joto. Kwenye moto mkubwa, funga skrubu kidogo kidogo mpaka mlio utakate, halafu irudishe nyuma kidogo ibaki na unyevu, usiiache kavu itaungua. Kwenye moto mdogo, tafuta pale inapokimbia zaidi, kisha irudishie mafuta kiasi, ndiyo itatulia. Sailensa unaseti mwisho kabisa.

Nikarudi Kasulu. Ijumaa nikafanya yote hayo. Ikawaka, ikakaa dakika tatu, ikazima. Nikaseti tena, dakika nne. Nikakaa chini kwenye nyasi nimeshika kichwa.

Odilia akaja. Akavua viatu, akachuchumaa, akaupa ule mlio mgongo kama mtu anayesikiliza mtoto chumba cha pili, akanyoosha mkono nyuma nimpe bisibisi. Akageuza kitu kidogo mno, hata sikuona. Injini ikashusha sauti, ikatulia tuli.

Nikamuuliza umejifunza wapi. Akasema, "Nimelelewa mashineni, wewe unadhani nililelewa wapi?"

Siku nne nzima alikuwa ananiangalia tu navyoteseka. Nilipomuuliza kwa nini, akasema alikuwa anasubiri nimuombe. Haya.

Mimi na Sadiki tukafanya mazoezi ya salamu, tukijipima kwa saa ya mkononi. Tukasalimiana mpaka tukaishiwa, dakika sita. Injini ikanguruma dakika ishirini bila kutetereka, nikaizima mwenyewe kwa rimoti. Nikalala nikijua nimeoa.

Jumamosi tukafika Nyakitonto. Ndege nikaifunga mkia kwa kamba ya katani kwenye kigingi pale uani, pembeni ya turubai walipoanika maharage. Rimoti nikaiweka mfuko wa koti. Nikawasha kwa mvuto mmoja tu. Mzee akainamisha kichwa kusikiliza, akasema, "Ego," yaani ndiyo. Nikaanza kujiona mkwe.

Halafu nikaona wamekaa watu kumi na sita.

Mzee alikuwa ameita ukoo. Na mbele yao yuko dada yake, shangazi wa Odilia, kaja kutoka Muyama alfajiri maalum kwa shughuli hii. Bibi mdogo kwa umbo, mikono imara kama koleo. Akanishika mikono yote miwili. "Amahoro, mwana wanje," yaani amani, mwanangu.

Tukaanza.

Aliniuliza nimeamkaje. Akauliza wazazi wangu, mmoja mmoja. Ndugu zangu, kwa mfuatano wa kuzaliwa. Akauliza waliofariki walifarikije, tukapumzika kidogo tukawasikitikia. Akauliza mvua ya Singida. Akauliza mtama. Akauliza alizeti. Sadiki pale pembeni akaninyooshea saa yake: dakika ishirini na tano. Injini inanguruma vizuri mno.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho kwenye mazoezi yote sikukifikiria. Tangi.

Tangi la ndege yangu linabeba mafuta ya kujaa kikombe cha chai. Kabureta ilikuwa sawa kabisa, wakuu. Hakuna aliyewahi kuniambia salamu zitafika dakika arobaini.

Bibi akaingia upande wa ng'ombe. Akauliza ng'ombe wetu hawajambo. Sisi hatuna ng'ombe, ila sikuwa na ujasiri wa kusema, nikasema hawajambo. Akauliza wangapi. Nikasema wanne. Akauliza majina yao.

Nipo kwenye ng'ombe wa pili, namwambia ana baka jeupe usoni, nikasikia mlio wa injini unabadilika. Injini ya two-stroke ikikaribia kuishiwa mafuta huwa haizimi kistaarabu. Hewa inazidi mafuta, inapandisha moto yenyewe. Ikaanza kulia juu. Kamba ikakaza. Nikaona kigingi kinaanza kuinama.

Rimoti iko mfukoni. Mikono yangu yote iko kwa shangazi. Navuta taratibu, naye ananivuta, anasubiri jina la ng'ombe wa tatu.

Kigingi kikang'oka.

Sikujizuia. Nikajichomoa mikononi mwa yule bibi katikati ya neno lake, nikarukia kigingi, rimoti nimeisahau mfukoni, nikapiga kelele, "Laleni chini!" Ndege ikaingia kwenye turubai. Pangaboi likakutana na maharage. Wajomba, makanzu, kofia, wote walipigwa maharage kama mvua ya mawe. Kuku wakapotea. Sadiki akajifunika na barua ya posa. Ndege ikazunguka ua nusu, ikaja mpaka miguuni kwa mzee, ikakohoa mara mbili, ikaisha mafuta, ikazima.

Mimi nimelala kifudifudi nimeshika kigingi.

Mzee ndiye pekee ambaye hakusogea kwenye kiti. Akatoa harage moja kwenye sikio lake, akaliangalia. Nikaanza kujitetea, kwamba kabureta ilikuwa sawa, kwamba ni tangi, kwamba nipewe nafasi nyingine.

Akainua mkono. "Mashine haina kosa. Mashine ilikuwa inanguruma bado. Aliyekata salamu ni wewe."

Ni kweli kabisa. Nilipojichomoa kwa shangazi, injini ilikuwa bado inalia.

Mzee akaendelea, sasa akiwatazama ndugu zake: "Na hiyo sailensa naijua. Huo ni mkono wa mwanangu. Sasa mashine imesetiwa na mwanangu. Huyu mwalimu nani atamseti?"

Kutoka mlango wa jikoni, Odilia, ambaye kwa taratibu za siku hiyo hakutakiwa kusema neno, akasema kwa sauti ya darasani:

"Huyo niachie mimi, baba. Nimeshaanza."

Mjomba mmoja akapaliwa. Mzee akamtazama binti yake, kisha akashika uso kwa viganja viwili, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Nikainuka, nikajipangusa. Shangazi alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, mikono bado ameinyoosha mbele, hasira hana. Nikaenda nikampa mikono yangu yote.

"Amahoro, mwana wanje," akasema. Tukaanza upya, kuanzia wazazi.

Barua ilisomwa saa kumi jioni.

Nilichojifunza: kama upo nyanda za juu, usifuate setting za watu wa baharini. Jaza tangi. Na ukienda ukweni usiwe na mahali pengine pa kuwahi, maana mimi wiki nzima niliisikiliza injini na sikumsikiliza mtu hata mmoja.

Karibuni wakuu. Waliopewa masharti ya ajabu ukweni, mwageni yenu hapa nijue siko peke yangu. Na kama kuna mtu wa Singida anauza ng'ombe wanne, mmoja awe na baka jeupe usoni, ani-PM haraka. Shangazi amesema mwezi ujao anakuja kuwasalimia.